Bendi Haijatokea Maabara

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Biokemia,
Chuoni.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU JELI, NGAZI, BENDI, NA MTU ANAYEITWA KONTROO HASI

Mheshimiwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipokaa, na kama umesimama nakuomba ukae kwanza, maana barua hii si fupi.

Mimi ni mama mzazi wa yule binti wa mwaka wa mwisho, mrefu, mwenye sauti ya chini na mwandiko wa duara, anayefanya utafiti kwenye maabara ya ghorofa ya pili, ile yenye mlango unaolia kama mbuzi. Jina langu halisi mtaani wameshalisahau. Naitwa Mama Profesa. Jina la Profesa nilimpa mimi mwenyewe akiwa bado ana meno ya utotoni, siku alipotaka kujua maziwa yakichachuka ni nani aliyeyachachua. Nikamjibu ni joto. Akanitazama, akasema, "Mama, joto halina mikono." Mheshimiwa, mtoto wa namna hiyo unamzaa mara moja tu, halafu unapumzika.

Elimu yangu ni ya shule ya msingi, nayo niliimaliza bila kusukumwa. Kazi yangu ni kukodisha viti, maturubai na mapambo ya sherehe. Nakueleza haya si kwa kujisifu, ingawa viti vyangu vinasifika, bali ujue kwamba katika suala hili la bendi unaandikiwa na mtaalamu.

Sasa niyapange malalamiko yangu kwa namba kama wasomi wanavyopenda.

1. Neno "rudia."

Msimamizi wa binti yangu ni daktari wa vitabu, simvunjii heshima. Lakini wanafunzi wake wanamwita Daktari Rudia, na jina halimwendi mtu bure. Binti yangu akimpelekea kazi, anaitazama, anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anaivaa tena, halafu anasema, "Rudia." Basi. Haongezi hata pole.

Mheshimiwa, katika ukoo wetu hatuna historia ya kurudia. Mjomba wake peke yake ndiye aliyerudia darasa la nne, naye ni kwa sababu alimpenda mwalimu. Mimi mwenyewe nikifunga turubai likaenda upande silirudii. Nawaambia watu huo ndio mtindo mpya, na mwezi unaofuata wengine wanautaka huo huo. Mtoto aliyekuwa wa kwanza tangu chekechea anaambiwaje rudia? Arudie nini ambacho hakukipata mara ya kwanza?

2. Kazi anazofanyishwa.

Nilidhani nimemleta asome sayansi. Lakini nikimpigia simu ananong'ona kama yuko msibani: "Mama, nitakupigia baadaye, nakimbiza jeli." Jeli imemkosea nini mtu hata ikimbizwe? Sisi jeli tunapaka nywele, na mpaka leo sijaona iliyotoroka.

Siku nyingine namkuta mnyonge. Kuna nini mwanangu? "Praima zimekwisha, mama, tunasubiri ziagizwe ng'ambo." Praima! Ile wanayopaka mafundi ukutani kabla ya rangi! Jirani yangu fundi rangi ana madebe ya praima mpaka anayakalia. Nikamwambia nitakutumia debe zima kesho asubuhi. Akasema, "Asante mama, lakini ya kwetu ni ndogo sana, haionekani hata kwa macho." Nikajua chuo kimebana matumizi.

Halafu siku moja akanipigia sauti imekatika. "Mama, ngazi imetokea vizuri kabisa. Lakini bendi hakuna."

Hapo akili yangu ikafunguka kama mwamvuli. Jeli ya nywele, praima ya ukuta, ngazi ya kufungia mapambo, bendi ya muziki. Mheshimiwa, hayo ndiyo maisha yangu! Chuo kinaandaa sherehe, na anayewapambia ukumbi ni mwanangu, bila ujira, akidanganywa kwamba ni utafiti.

3. Bendi yenyewe.

Sina ugomvi na sherehe. Ningekuwa na ugomvi na sherehe ningekula nini? Ugomvi wangu ni kwamba mmeifunga elimu ya mtoto wangu kwenye mkia wa bendi. Amenieleza kwa kinywa chake: bendi isipotokea kabla chuo hakijafungwa, hana cha kuandika kwenye ripoti. Asipoandika ripoti, joho hatavaa na wenzake, atasubiri mwaka mwingine.

Nguo ya siku hiyo nimeshashona. Shangazi yake ameshaomba ruhusa kazini. Hayo yote si kitu, nguo itakaa sandukuni na shangazi atarudi kazini. Kitu ni hiki. Mwanangu alikuja nyumbani mwisho wa juma, nikampikia anachokipenda, akakizungusha sahani nzima kama anatafuta pini. Baadaye nikamsikia uani anamwambia mwenzake kwenye simu, "Labda mimi sifai. Labda aliyeniita Profesa alikosea."

Mheshimiwa, aliyemwita Profesa ni mimi. Nilichukua ufagio nikafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Sasa nijibu: bendi isipotokea, kosa la mwanafunzi liko wapi? Bendi ni watu wazima, wana miguu. Nikamuuliza binti yangu ni bendi gani hiyo isiyo na adabu. Akasema, "Mama, si bendi ya muziki." Ya nini sasa? "Bendi ya DNA."

Ahaa. Bendi zote za harusi nazijua, na viongozi wao nawajua, na wake zao nawajua. Hii DNA siijui. Bila shaka ni ya vijana, ndiyo maana haifiki. Na jina gani hilo! DNA si kile kipimo cha kumtafuta baba wa mtoto? Nani mwenye akili timamu anapeleka bendi ya jina hilo harusini? Keki haijakatwa, ndoa tatu zimeshavunjika, na mimi viti vyangu vinarushwa hewani.

4. Makoloni.

Hili si langu, ni la babu yake. Ameniomba niliandike na mzee hakataliwi. Binti yangu alimweleza kwa heshima zote kwamba siku hizi anaotesha koloni kwenye visahani, na kwamba zimeota nyingi, za duara, nyeupe, za kupendeza. Mzee aliomba fimbo yake. Akasema, "Sisi tuliyang'oa makoloni, yeye anayaotesha? Tena meupe?" Mpaka leo nikimtajia maabara anageukia ukutani.

5. Nilichokiona kwa macho yangu.

Nikaona kusikia si kuona. Nikavaa, nikafunga chakula kwenye chombo, nikaja. Mlango ulipolia akatokea fundi wenu wa maabara, kijana mwembamba mwenye kalamu ya wino mzito sikioni. Ana adabu, sitamsema vibaya. "Shikamoo mama. Chakula hakiingii humu." Nikamwambia chakula hiki kimeshaingia kwenye ofisi za wakubwa kuliko hii. Akasema, "Naamini mama, lakini wakubwa wale hawafugi bakteria." Akakiweka kwenye stuli nje, akanivika koti jeupe lililokataa kufunga kifuani, akanipa glavu.

Binti yangu alikuwa ameinamia ndoo ya barafu. Nikatafuta soda kwenye hiyo barafu, sikuziona. Kulikuwa na vimrija vidogo kama ncha ya kidole cha mtoto, kila kimoja kimeandikwa kifunikoni kwa ule mwandiko wake wa duara. Ameshika kidude cha kunyonyea, anakibofya kwa kidole gumba, anachukua tone ambalo mimi na miwani yangu hatukuliona, anaingia mrija huu, anatoka, anatupa ncha, anachukua ncha mpya, anaingia mwingine. Mkono hautikisiki. Mheshimiwa, mkono ule naujua ulikotoka. Ni mkono wa kufunga fundo la turubai wakati wa upepo. Nilitaka kupiga kigelegele, fundi akaweka kidole mdomoni.

Lakini sikuja kutazama mikono. Nikamvuta fundi pembeni, nikamuuliza kitaalamu: bendi ikifika mtaiweka wapi? Akanionyesha kisanduku cha plastiki juu ya meza, kimejaa maji, kina waya mwekundu na waya mweusi, na ndani kuna kipande cha kitu kinachotetemeka kama sabuni iliyolala bafuni. Akasema, bila hata kutabasamu, "Itatokea humu, mama, ndani ya hiyo jeli."

Humu! Kisanduku ambacho mpiga ngoma mmoja, hata ukimkunja kama shuka, haenei! Tena maji na umeme pamoja! Basi sasa naelewa kwa nini bendi haitokei. Hata mimi nisingetokea.

6. Kontroo Hasi.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hayo mengine ningemezea.

Juma lililopita binti yangu alipiga simu: bendi imetokea. Nikashangilia mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Kumbe hakuwa amemaliza. Bendi imetokea, ndiyo, lakini imetokea kwa Kontroo Hasi.

Huyo ndiye nani? Akaniambia kwamba Kontroo Hasi hatakiwi kupata bendi hata kidogo, kwa sababu hakuwekewa chochote cha maana, ni maji matupu. Yupo pale kwa kuhakikisha tu. Akipata bendi yeye, maana yake uchafu umeingia mahali, na Daktari Rudia amesema kazi yote imwagwe. Irudiwe.

Mheshimiwa, nakuuliza kwa adabu niliyofundishwa kwetu: huyu Kontroo Hasi ni mtoto wa nani?

Mwanangu anapima, anachanganya, anasimama mpaka miguu inavimba, bendi haimtokei. Kontroo Hasi amekaa na maji yake, hajafanya lolote, bendi inamwendea yeye! Na akishafaidi, anayeadhibiwa ni mwanangu! Nikauliza kama ana ndugu hapo idarani. Binti yangu akasema, bila kujua anachokifichua, kwamba yupo mwingine anaitwa Kontroo Chanya, na huyo bendi inamtokea kila siku. Kila siku! Tena Daktari Rudia akiona hivyo anafurahi! Mmoja hasi, mmoja chanya, ukoo mmoja. Mambo haya ya kujuana ndiyo yanayotumaliza.

Kwa sababu hizo zote, Mheshimiwa, naomba yafuatayo.

Kontroo Hasi aitwe mbele ya kamati, aje na mzazi wake, nami nitakuwepo. Nataka nimwone huyo mama mwenzangu usoni. Bendi ya DNA iachwe, imeshindwa kazi. Na tatu, ambalo ndilo kubwa, bendi niachiwe mimi.

Nami sikusubiri. Nimeshaita bendi ya matarumbeta, ya watu wazima wenye familia na sare zilizopigwa pasi. Itatokea Ijumaa asubuhi chini ya dirisha la maabara. Nitaleta viti, turubai, na ngazi yangu mwenyewe. Jeli pia ninayo, nitampaka Daktari Rudia, maana nilimwona kwenye korido na nywele zake zinahitaji msaada. Atoe kichwa dirishani, asikie kwa masikio yake mawili, aandike kwamba bendi imetokea, atie sahihi, mwanangu avae joho. Ninachoomba kwako ni kuwaambia walinzi wafungue lango.

Usiwe na wasiwasi wowote kuhusu kufika kwao. Tangu nianze kazi hii, bendi niliyoiita mimi haijawahi kukosa kutokea. Bendi isipotokea, kosa ni la aliyeiita. Bendi ikienda kwa asiyeiita, huyo asiyeiita ni mwizi. Hizo ndizo kanuni zangu mbili za kisayansi, na hazirudiwi.

Nisalimie wote hapo idarani. Salamu kwa walinzi, kwa katibu wako aliyenielekeza ngazi za kupandia, na kwa fundi wa maabara, ambaye namkumbusha chombo changu cha chakula chenye mfuniko wa buluu. Salamu kwa hao bakteria, hawana kosa. Daktari Rudia mpe salamu za kiasi. Kontroo Hasi simsalimii.

Ni mimi, mwenye uchungu wa mwana na viti imara,

Mama Profesa

N.B. Mheshimiwa, kabla hujaifanyia kazi barua hii naomba usome hapa. Nilitaka kuikabidhi kwako leo Ijumaa kwa mkono, lakini mambo yamegeuka. Naongeza maneno haya nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, hapa langoni penu.

Binti yangu ametoka mbio sasa hivi, koti linapepea, simu mkononi. Akanionyesha picha nyeusi kama kitako cha sufuria. Pembeni kuna vistari vyeupe vimepandana. "Hii ndiyo ngazi, mama, ya kupimia bendi." Kweli, ni ngazi, ingawa sijui anapanda nani. Halafu pembeni yake kistari kimoja, kifupi, kama alama ya chaki. "Na hii ndiyo bendi."

Nikamuuliza, "Hii tu?" Akasema, "Hii tu." Nikamuuliza, "Hata mpiga ngoma hayumo?" Akacheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe na koti lake jeupe. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Bendi imetokea, Mheshimiwa. Imetokea mahali pake, kwenye kile kisanduku, na ripoti itaandikwa. Kontroo Hasi ni kimrija cha maji, na leo nafasi yake iko tupu, nyeusi tii, kama inavyotakiwa. Namwomba radhi yeye na mzazi wake. Ukoo mzima wa Kontroo nimewasamehe. Babu nitamweleza mwenyewe, taratibu.

Daktari Rudia ameshuka kwa miguu yake mpaka langoni. Kumbe ni mtu mpole, kanipa shikamoo kabla sijafungua mdomo. Ameitazama picha, amevua miwani, ameifuta kwa ncha ya shati, amesema, "Nzuri sana hii, Profesa. Rudia, tuwe na uhakika." Ameitwa Profesa, Mheshimiwa, na daktari! Na mwanangu alivyoambiwa arudie, akafurahi!

Tatizo lililobaki ni la kwangu. Viti vimefika. Turubai limefungwa. Ngazi imetokea vizuri kabisa. Bendi hakuna.

Kiongozi wao hapokei simu. Tulikuwa tumekaa hivyo, tunatazama barabara, mara tarumbeta zikalia ng'ambo, kwenye duka la magodoro linalofunguliwa leo. Ni wale wale, nawajua kwa sare. Mwenye duka hakuwaita, hakuwaandaa, hata hajui wametoka wapi. Amesimama mlangoni kwake na glasi ya maji mkononi, anacheza.

Daktari aliinua kidole, akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa, "Hiyo, mama, ndiyo kontroo hasi."

Niliitazama ngazi yangu. Mwanangu akavua glavu, akaniwekea mkono begani, ule mkono usiotikisika, akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Mama. Rudia."